Besi ya Kushoto Iliyotoka Kigoma

Papa wa vyombo, muuza ala za muziki, alipofungua lile sanduku alicheka kwanza, halafu akatukana. Alikuwa amelinunua Kigoma likiwa limefungwa, pamoja na ampli mbili za kukuzia sauti na mafungu ya nyuzi, na muuzaji wa kule alimwambia kuwa ndani kuna besi ambayo haijaguswa na mtu. Hakudanganywa. Haijaguswa kwa sababu ilijengwa kinyume: vitufe vya sauti viko upande usio wake, pembe ndefu iko upande usio wake, uzi mnene umekaa pale watu wote wanapoweka uzi mwembamba. Ukiishika kama wanavyoshika wengine, kila kitu kiko juu chini.

"Walinipiga," akasema. "Tazama. Hii ni ya mutu wa kushoto. Kalemie muzima, nani iko wa kushoto?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na begi la shule mgongoni. Sikujibu. Mimi huwa sijibu, hata darasani, hata nikijua. Kila siku baada ya masomo nilikuwa napita kwenye kibanda chake, kwenye barabara inayoshuka bandarini, kutazama besi ambazo sitanunua, naye alikuwa amenizoea kama mtu anavyozoea mbuzi wa jirani. Siku ile, bila kufikiri, niliinua mkono. Nikaona nimeinua ule ule.

Aliangalia mkono wangu, akaangalia besi, akacheka mpaka akashika meza.

"Kushoto!" akasema. "Kuya hapa, Kushoto."

Tangu siku hiyo ndilo jina aliloniita.

Niandike sasa habari ya mkono wenyewe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kwenye shule ya msingi mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwenye benchi kwa kamba, nikajifunza kuandika kwa wa kulia. Ndiyo maana mwandiko wangu ni mbaya mpaka leo, na niko mwaka wa tano wa sekondari. Kula nakula kwa wa kulia. Kusalimu, kutoa, kupokea, vyote kwa wa kulia, kama watu wenye adabu. Lakini muziki haukupita shuleni. Muziki niliuokota kwenye kwaya, nikigeuza besi ya kwaya juu chini, uzi mwembamba juu, uzi mnene chini, na vidole vikajitafutia njia yao. Kwenye mazoezi niliruhusiwa kuipiga wakati mpiga besi wetu, mtoto wa dada wa maestro, alipochelewa. Maestro ndiye anayeongoza kwaya. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wakiniigiza kwa mikono yao hewani.

"Sawa mutu anasugua sufuria," walisema.

"Apana, anamwosha mutoto."

Jumapili sikuwahi kupiga. Na kupiga Jumapili ndiko nilikokutaka. Nilitaka lile tu. Nisimame mbele Jumapili moja, nipige wimbo wote, watu wasikie. Sikutaka kusema neno lolote. Besi ingesema.

Basi Papa wa vyombo akaniwekea ile besi shingoni, akachomeka waya kwenye ampli ndogo nyeusi, akasema haya, tuone. Nikagusa uzi wa mi, ule mnene. Ulikuwa juu, pale kidole gumba kilipoutafuta. La ukafuata, re, sol. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kugeuza kitu kichwani kabla ya kukipiga. Nilipiga nikiwa nimeinamisha uso, na nilipouinua nilimwona mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara ameacha kupima, kopo liko hewani.

"Hiyo njo inaingia mu tumbo," akasema.

Papa wa vyombo alikuwa anafikiri, na akifikiri huwa anajikuna shingo.

Kuanzia siku iliyofuata niligeuka kuwa biashara yake. Nilikuja baada ya masomo, nikapiga, na wateja wakasimama. Alinipitisha kwenye vyombo vyote ili walinganishe. Ampli ndogo nyeusi ilikuwa na sauti safi lakini haifiki mbali. Kanisani ingezimwa na makofi. Ile kubwa ilifika mpaka kwenye reli, ila ukigonga mi kwa nguvu ilitetemeka kama bati wakati wa upepo, kwa hiyo alinikataza kugonga mi kwa nguvu mbele ya mteja. Kulikuwa na besi nyekundu ya shingo nyembamba, nyepesi, inayopendwa na vijana wa orkestra kwa sababu inang'aa. Kulikuwa na ya kahawia, nzito, iliyochubuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na hakuna aliyeitazama. Kulikuwa na ya nyuzi tano. Kila mtu aliiulizia ya nyuzi tano, kila mtu akaishika, na hakuna aliyejua uzi wa tano ni wa kufanyia nini.

Mteja akisitasita, Papa wa vyombo alininyoshea kidole.

"Tazama huyu. Mukono wake ni wa chooni, na bado anaipiga. Wewe mwenye mukono wa kweli, utashindwa?"

Mteja alicheka, akanunua. Sikukasirika sana, nasema kweli. Kila mara walinunua nyingine, na ya kushoto ikabaki msumarini. "Ile ni ya bilema," aliwaambia, na kila alipowaambia hivyo bei yake ikashuka kidogo. Nilimwomba Mungu ishuke zaidi. Nilifikiri ikishuka sana, Papa yangu, baba mzazi, ambaye anafanya kazi kwenye reli na mara nyingi anakaa Kongolo, angeweza kurudi na kuichukua bila kuuliza maswali.

Papa hakurudi mapema. Badala yake besi ya kwaya ilianguka kutoka kwenye benchi, shingo ikavunjika. Kwaya ikachangisha, na alasiri moja maestro akaja kwenye kibanda na mtoto wa dada yake pamoja na Mama Prezidanti, anayesimamia mambo ya kwaya. Walijaribu nyekundu. Bei ikawashinda. Walijaribu ya kahawia. Mtoto wa dada akasema imezeeka, hawezi kusimama nayo mbele ya watu. Ndipo Papa wa vyombo akaishusha ya kushoto kutoka msumarini, akaniwekea shingoni bila kuniuliza.

"Sikilizeni hii kwanza, njo museme."

Nilipiga wimbo wetu wa sadaka, ule ambao katikati vyombo vyote vinanyamaza na besi inashuka peke yake, ngazi kwa ngazi, mpaka chini, halafu kwaya inaingia. Niliupiga wote. Mama Prezidanti alikuwa amefumba macho, kichwa kinakwenda polepole. Kisha akafumbua.

"Lakini ni na ule mukono?" akauliza.

"Ni ule," Papa wa vyombo akajibu.

Maestro alimvuta Papa wa vyombo pembeni. Waliongea kwa sauti ya chini muda mrefu, maestro akichora kitu hewani kwa kidole, mwingine akiitikia. Halafu maestro akalipa. Akaniangalia, akatabasamu.

"Ibebe wewe," akaniambia. "Unaijua."

Niliibeba mgongoni mpaka kanisani, nikipita kandokando ya reli, na kila aliyeniuliza ni nini hiyo, nilijibu. Mimi! Nilijibu watu barabarani. Nyumbani nilimwambia Mama kuwa kwaya imenunua besi ambayo mtu mmoja tu anaweza kuipiga, na mtu huyo ni mimi. Mama akatoka nje, na nikamsikia anawaambia majirani kupitia ukuta wa miti. Aliwaambia wote. Hata yule ambaye hawasemeshani.

Jumamosi niliwahi mazoezini. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Mtoto wa dada alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, besi juu ya magoti, nyuzi zote zimetolewa zimelala sakafuni. Maestro alikuwa ameinama na tupa ndogo, anasugua kile kipande cheupe cha mfupa kilicho mwisho wa shingo, chenye mifereji minne ambamo nyuzi zinakaa. Alikuwa anaupanua mfereji mwembamba ili uzi mnene uingie. Ule mpana alikuwa ameshaujaza gundi. Walikuwa wanaigeuza iwe ya kulia. Ukishafanya hivyo, huwezi kurudisha.

"Ah, umefika vizuri," maestro akasema. "Shika hapa, inacheza-cheza."

Nikashika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilishika, na jibu ni kwamba aliniambia nishike.

"Usiitetemeshe," mtoto wa dada akasema. "Unaona maestro iko na kazi."

Mama Prezidanti alikuwa anafagia madhabahu. Alikuja akaniwekea mkono begani, kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliouma kuliko vingine vyote.

"Mwanangu, hatukuchukii. Lakini mbele ya Mungu, ata sadaka unaitoa na mukono wa kuume. Sasa kwaya nzima itamutolea Mungu wimbo na kushoto? Watu watasema nini?"

"Na mimi?" nikauliza. Ni maneno mawili, na yalinitoka kwa shida.

"Wewe utakuwa kwa ampli," maestro akasema, bila kuinua kichwa. "Utaangalia sauti. Ile nayo ni kazi. Mi inakaa wapi sasa, tukigeuza? Hapa?"

"Hapo," nikasema.

Vumbi jeupe la mfupa lilikuwa linaanguka juu ya viatu vyangu. Waimbaji wakaanza kuingia, wakatuzunguka, na mmoja wa sauti ya kwanza alipoelewa kinachofanyika, akapiga makofi.

"Imeokoka! Besi imeokoka, pepo ya kushoto imetoka!"

"Haleluya!"

"Sasa tumufanyie na mwenyewe. Nani iko na tupa nyingine?"

Walicheka kweli, mpaka maestro. Nyuzi zilirudishwa, mtoto wa dada akawekewa besi, akapiga mi, na mi ikatoka. Nilitamani uzi ukatike umpige usoni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotamani.

Nyumbani sikumwambia Mama. Alikuwa ameshafua shati langu jeupe, ananyoosha kola.

Jumapili alikaa benchi la tatu, majirani kulia na kushoto kwake. Nilipopita nikaenda kuchuchumaa nyuma ya ampli, aliinama kwa yule wa karibu. Baadaye nilijua alichosema: kwamba naanzia kwenye mashine, nitasimama kwenye wimbo wa sadaka.

Ile ampli ilikuwa ya kwaya, ya zamani, na sauti yake haikuwa na shida. Shida ilikuwa ni vitufe vya besi. Besi ikigeuzwa, vitufe vinakuja juu, chini ya kiwiko cha mpigaji. Kila mtoto wa dada alipousogeza mkono kwa mbwembwe, na yeye ana mbwembwe, mkono wa shati ulikizungusha kitufe, sauti ikashuka. Nilikuwa naipandisha kwenye ampli. Alipoigundua akairudisha mwenyewe, ikalia mno, nikashusha. Tulikwenda hivyo ibada nzima, yeye anaharibu mbele, mimi natengeneza nyuma, bila kutazamana.

Wimbo wa sadaka ukafika. Watu wakajipanga na noti zao za sadaka. Kwaya ikanyamaza, ngoma ikanyamaza, ikawa zamu ya besi kushuka peke yake. Mtoto wa dada aliinua mkono juu kama wanavyofanya kwenye video, akaushusha, na kiwiko kikakizungusha kitufe mpaka mwisho. Hakuna kilichotoka. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda, ngazi kwa ngazi, na kanisa lilisikia viatu vya watu wa sadaka tu. Nilipandisha ampli mpaka mwisho. Lakini sauti ikiwa imezimwa kwenye besi yenyewe, ampli haina cha kupandisha. Ilitoa mvumo tu, kama pumzi.

Maestro hakumtazama mpiga besi. Alinitazama mimi. Mikono ilimwanguka, akachukua maikro.

"Mutusamehe, wapendwa," akasema. "Mutoto wa ampli amelala."

Kanisa likacheka. Halikuwa kucheka kubaya, ni kule kwa Jumapili, kwa watu wanaopenda kuamshwa kidogo. Mtoto wa dada alitumia nafasi hiyo kurudisha kitufe, wimbo ukaanza upya, na safari hii besi ikashuka vizuri, na watu wakasema amina. Sikuweza kutazama benchi la tatu. Nilitazama waya.

Kurudi nyumbani Mama alitembea mbele na majirani. Hakuna aliyesema neno juu yangu, wala juu ya besi. Walizungumza juu ya bei ya unga kwa bidii kubwa. Tulipofika kwenye njia yetu wakaagana, tukabaki wawili, na Mama akasimama.

"Ni kweli ulilala?"

Ningemwambia ya kiwiko. Lakini ya kiwiko yangeleta ya kitufe, na ya kitufe yangeleta ya kugeuza, na ya kugeuza yangeleta mkono, na Mama angebaki na mkono wangu kichwani, akijiuliza alinizaa vipi. Kulala ni kosa la mtoto wa mtu yeyote.

"Ndiyo, Mama. Nililala."

Akanitazama, akatikisa kichwa, na nikaona amepata nafuu.

"Basi njo sababu hawakukusimamisha," akasema. "Na mimi nilikuwa najiuliza."

Sasa kila Jumamosi ananifukuza niende kitandani kabla giza halijaingia vizuri, na anawakataza wadogo zangu kupiga kelele. Anawaambia kaka yao Jumapili ana kazi kanisani.

Nalala nikiwa macho, nikiwasikia wananong'ona.