Nimetumia Programu Tatu, Rola Bado Haiingii

Ndugu wafuasi wa ukurasa huu, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba karakana yangu imehamia programu ya tatu ya kuchorea mashine. Msisimame, kaeni tu.

Admin, nifiche jina. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, fundi wa mashine hapa Kahororo, Bukoba. Kitambi hutangulia, akili hufika baadaye. Nafanya kazi na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, injinia wa kusomea mwenye karakana Muleba. Nimwite Koku. Kikundi cha wakulima wa Izigo kilituagiza mashine ya kukoboa kahawa. Koku anachora kwenye kompyuta, kisha kila mtu anatengeneza sehemu yake kwa mchoro huohuo: mimi fremu, yeye rola inayozunguka ndani yake.

Programu ya kwanza aliichagua yeye, ya bure. Siku ya kuunganisha, wakulima wanatazama, rola ikagoma kuingia kwenye fremu. Imezidi kama sentimita moja. Mwenyekiti wao, mama mchangamfu, akasema kwa adabu ya Kihaya, "Waitu fundi, mashine imeshiba kabla ya kula?" Watu wakacheka. Koku akatoa tepu apime fremu. Nikamzuia. "Rudisha mfukoni! Fundi wa miaka thelathini kazini hapimwi mbele za watu. Kosa ni la programu yako ya bure."

Tukahamia ya kulipia. Kompyuta yangu ikawa inahema kama mimi nikipanda ngazi. Nikajenga fremu upya, rola haikuingia. Tukahamia ya mtandaoni, ambayo mtandao ukikatika nabaki natazama kiduara kinazunguka. Wiki iliyopita, sentimita ileile! Nimechoka jamani. Msimu wa kahawa huo unakuja, na wakulima wameshampa shemeji yangu jina: Injinia Sentimita. Koku akafuta mikono, akasema, "Shemeji, programu zimekwisha. Wa kulaumiwa nimebaki mimi, na mimi naacha."

Sasa niseme kilichotokea. Mimi situmii tepu. Tangu nijifunze ufundi napima kwa kijiti cha mti wa kahawa chenye alama nilizochonga mwenyewe. Vitu vyangu huingiana vizuri kwa sababu vyote navipima kwa kijiti hichohicho. Juzi nilikilaza kando ya tepu. Ncha imepungua sentimita moja; nakumbuka niliiunguza nikichomelea geti. Fremu zangu zote tatu zilikuwa fupi.

Kijiti nimekificha juu ya kabati. Koku hapokei simu. Niende Izigo nikakiweke mbele ya walewale waliomcheka, au nianze Muleba, nimwangukie yeye kwanza? Nishaurini, nifanyeje? Msihangaike kunitajia programu ya nne. Zote zilikuwa sawa. Koku alisimama na tepu mkononi mara zote tatu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyemwambia airudishe mfukoni.