Nilimshtaki Mjukuu Wangu kwa Kanuni Zilizokwishafutwa

Kosa ni langu, wala simtafuti mtu wa kugawana naye. Mimi ni mzee mwenye elimu yangu, na miaka yote nimejivunia jambo moja: sisadiki neno mpaka nilione kwa maandishi. Kumbe kiburi hicho ndicho kilichonimaliza!

Mjukuu wangu wa kike nimemlea mwenyewe hapa ughaibuni, kitongoji cha Hässelby, tangu mama yake afariki. Anacheza mpira wa kikapu, na mwaka huu shule moja ya sekondari huko Marekani ilimpa nafasi ya kusoma na kuichezea timu yake. Tangu alipokuwa mdogo hakutaka kitu kingine.

Ndipo jamaa mmoja akaniambia amemwona kwenye tangazo la duka la viatu, mtaa wa Kista. Sikusadiki. Nikapanda treni kwenda kujionea. Alikuwepo ukutani, mkubwa kuliko mlango, na jina lake chini!

"Ndiyo, babu, wamenilipa," alikiri jioni ile, bila wasiwasi.

"Watakufukuza! Mwanafunzi akiuza jina lake haruhusiwi kucheza. Kanuni zao ninazo, nimezichapisha mwenyewe."

"Hizo za zamani. Jimbo lile limepitisha sheria mpya, wanafunzi tunaruhusiwa. Kocha kanitumia, hii hapa, soma."

Akaninyooshea simu. Sikuitazama.

"Tangu lini kocha akawa bunge?"

"Men, lakini babu! Wewe hata utabiri wa mvua unataka uwe na mhuri!"

Nilighadhibika. Kesho yake nikaiandikia ile shule, kwa Kiingereza kilichonyooka, nikaeleza kosa la mjukuu wangu na kuambatisha kanuni zangu. Nilidhani nikikiri mapema kwa niaba yake watamhurumia. Ole wangu!

Walisimamisha nafasi yake ili wachunguze. Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu: sheria imebadilika kweli, binti hakukosa lolote, ila usajili umekwisha kufungwa, na nafasi amepewa mwingine. Hayo sasa yalikuwa kwa maandishi! Niliyasoma mara tatu.

Nilimweleza yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Kuisoma ile simu kungekuchukua dakika ngapi, babu?" Akafunga begi lake, akahamia kwa rafiki yake, kitongoji cha Jakobsberg. Simu zangu hapokei.

Jumapili iliyopita nilimngoja katika kituo cha treni cha huko tangu asubuhi. Alitokea saa saba, akaniona.

"Hej," akasema, kama anavyomsalimu mkaguzi wa tiketi, akapita. Mtoto niliyemfundisha shikamoo kabla hajajua kutembea!

Wazee wenzangu, nawasihi. Kukataa uvumi ni jema, lakini mtoto uliyemlea si uvumi. Akikuletea sheria, isome, hata kama imo ndani ya simu. Na kabla hujamwandikia mgeni habari zake, msikilize yeye mpaka amalize. Mimi nilimkatiza. Leo ningetoa chochote anifokee, mradi aseme nami!