Gari Lililopona Mapema Mno

Mzee Msasa alinyoosha magari ya watu maisha yake yote, lakini lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake wa gereji. Hata akisimama kusalimiana na mtu barabarani, mkono wake mmoja ungeuona unapapasa ubavu wa gari lililo karibu, unatafuta kovu. Mganga hajigangi. Akihitaji gari alikwenda kukodi, na hakulihitaji mara nyingi: msiba wa mbali, au hospitali.

Safari hii ilikuwa hospitali. Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alisema ataanza na moja, jingine baadaye. Mama huyo hakutaka teksi. "Mtu nisiyemjua na breki zake nisizozijua," alikuwa akisema, "bora nibaki na ukungu wangu." Akiendeshwa na mumewe alikaa kiti cha mbele, kipochi magotini, akasinzia kama yuko sebuleni.

Basi walipokuwa kwenye foleni ya geti la hospitali, wamesimama kabisa, gari la kusambaza maji ya chupa likajipenyeza pembeni kutaka kuwahi. Likawakwangua ubavuni, juu ya tairi la nyuma. Halikuwa jambo la kishindo. Mchubuko, na bodi ikabonyea kiasi cha sahani. Taa ya gari la maji ndiyo iliyovunjika. Dereva wake akashuka mikono kifuani.

"Nisamehe mzee wangu, nilidhani nitaenea."

"Kudhani kwako kumenichubua," akajibiwa. Lakini mgonjwa alikuwa anasubiriwa ndani, na ugomvi nao unataka nguvu. Wakaachana hivyo hivyo, bila picha, bila polisi, bila kupeana hata namba ya simu.

Hilo lilikuwa kosa ambalo yeyote angelifanya. Lililofuata lilikuwa lake peke yake. Mkewe alipolazwa na bandeji jichoni, yeye alilipeleka lile gari gerejini kwake. Angelirudishaje gari la watu limebonyea, yeye! Wangemcheka hata watoto wa jirani. Akagonga polepole kwa ndani, akaziba kwa pati, akasugua kwa msasa, akapiga rangi, akang'arisha. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama mahali palipoumia, akapakosa mwenyewe. Tangu magoti yaanze kumsumbua, hakuwa amefanya kazi safi kama ile. Dada wa mapokezi kwenye kampuni ya kukodisha alilizunguka gari, akasema, "Babu, limerudi zuri kuliko lilivyoondoka." Mzee akacheka njia nzima ya kurudi.

Kicheko hakikudumu. Mwenye gari la maji alikuwa amenukuu namba ya gari, akapeleka madai kwa bima: eti gari la kukodi lilirudi nyuma likamvunjia taa, na aliyeliendesha ni mzee asiyeona vizuri. Kampuni ikapiga simu nyumbani kwa Mzee Msasa, na aliyepokea ni binti yake mkubwa, mwalimu, aliyekuja kumuuguza mama.

"Baba, umegonga gari la mtu?"

"Yeye ndiye aliyenigonga."

"Wanasema gari halina hata alama. Alikugonga wapi?"

Mzee akakohoa kidogo. "Nilinyoosha."

Binti akashika kiuno. "Mficha maradhi, Baba..."

"Kifo humuumbua. Naijua. Ni mimi niliyekufundisha."

"Basi nisikilize. Mimi na kaka tumeshaongea. Bima wakisema kosa ni lako, usukani ndio mwisho. Jicho la pili Mama atapelekwa na mwingine."

Mama mtu alikuwa kitandani, jicho moja limefunikwa. Aligeukia ukutani tu, na mzee akajua kwamba na mwingine huyo hatakwenda.

Ndipo ilipoanza safari ya mabenchi. Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, na lifti ilikuwa na karatasi iliyobandikwa mlangoni: mbovu. Alipanda akishika goti. Juu kulikuwa na benchi la chuma lenye matundu, ukikaa sana linakuchapa chapa. Faili liko kwa bosi, bosi yuko kikaoni. Njoo kesho. Kesho, faili limeshuka chini. Chini, limepanda juu. Mwanamke mmoja aliyekaa naye alimwambia gari lake liligongwa mwanawe akiwa tumboni, na sasa mwanawe anatembea. "Ukiwa na bahati, babu, utalipwa ukiwa bado una meno."

"Silipwi, mama. Mimi nataka tu waniamini."

"Ala! Basi yako ni ngumu kuliko yangu."

Mwishowe akapewa mkaguzi, bwana mmoja wa makamo, shati limelowa mgongoni, macho mekundu ya mtu aliyetazama mabati yaliyokunjamana miaka na miaka. Wakaenda pamoja kwenye uwanja wa kampuni. Mkaguzi akalizunguka lile gari, akainama, akainuka akipumua kwa nguvu.

"Mzee, hapa sioni kitu."

"Ndiyo shida yenyewe. Nimepaziba mimi."

"Uliziba ushahidi wako mwenyewe?"

"Niliona aibu kulirudisha vile."

Mkaguzi akamtazama kama mtu anayetafuta pa kucheka akakosa nguvu. "Nina magari mengine leo hii, mzee. Nitaandika nini?"

Mzee akatoa kipande cha msasa mfukoni. Akamtazama dada wa mapokezi, naye akainua mabega: fanya. Akapiga magoti pale kwenye changarawe, akaanza kuikwangua kazi yake. Rangi ikatoka, pati ikafuata, vumbi jeupe likamjaa mikononi. Hajawahi kusugua kwa uvivu namna ile. Alipofika kwenye bati, mchubuko ukajitokeza, mrefu, umeanzia nyuma ukaja mbele.

Mkaguzi akainama tena. Akaligusa bampa la nyuma, zima, lina rangi yake ya kiwandani. Akapiga picha.

"Gari halirudi nyuma kiubavu," akasema. "Huyu wa maji ametudanganya. Kosa si lako."

Mzee akabaki amepiga magoti. Alidhani angefurahi zaidi.

"Ila amana uliyoweka ulipokodi hairudi, babu," dada akasema kwa huruma. "Mkataba unakataza kutengeneza bila ruhusa."

"Sawa, mwanangu. Nisaidie tu kuinuka."

Siku ya jicho la pili ilipofika, wakapewa gari lile lile. Gereji ya kampuni ilikuwa imelipaka rangi upya, na mzee alipopapasa alihisi mawimbi. "Wamepaka kama siagi," akanung'unika. Mkewe akakaa mbele, kipochi magotini, lakini safari hii hakusinzia. Jicho jipya lilikuwa halishibi.

"Kumbe umezeeka hivi!"

"Ulidhani unazeeka peke yako?"

"Hizo mvi zote zilikuwa wapi?" Kisha, kwa sauti ile ile: "Baiskeli, mzee."

Akakanyaga breki. Mtu wa baiskeli akapita puani mwa gari, akalipiga boneti kofi la kiganja, akaenda zake.

"Nilimwona," mzee akasema.

Mkewe akaikazia macho barabara mpaka walipofika kwenye geti. "Hukumwona," akasema taratibu. "Nilimwona mimi."

Alipokwisha kumkabidhi kwa wauguzi, mzee alikaa kwenye benchi la ukumbini, la mbao hili, akampigia binti yake.

"Mkitoa wanafunzi, njoo utuchukue. Upitie kwanza kwenye kampuni waliandike jina lako kwenye mkataba. Usije hivi hivi."

"Kuna nini, Baba? Umegonga?"

"Sijagonga."

"Si bima wamesema kosa si lako? Mimi sikuzuii tena."

"Najua hunizuii. Na mama yako ukimwendesha, breki ukanyage polepole."

Akakata simu. Kipochi cha mkewe alikuwa ameachiwa yeye. Akautia ufunguo wa gari ndani, akakifunga zipu, akakiweka magotini, akasinzia.