Roki Uani Bunju

Sie tulikuwa watatu: mie kwenye gitaa, mdogo wangu wa kiume kwenye besi, na rafiki yetu, muuza viatu vya mtumba Buguruni, kwenye drams. Tulipiga roki katika mji ambao haukuwa na haja nayo. Mazoezi tulifanyia Kimara, kwenye stoo ya baba, Jumapili mchana. Wiki nzima nimefundisha sekondari Temeke, sauti imekauka. Wenzangu nao wana uchovu wao. Mara nyingi tuliketi tu tukitazama vyombo. Mmoja anasema, "Haya basi," na hakuna anayeanza.

Siku moja dada mmoja alinipigia simu. Baba yake alikuwa amepata kiharusi, na tangu atoke hospitali alikuwa hataki kuongea na mtu. Ujanani alikuwa mpenzi mkubwa wa roki. Tungeweza kwenda Bunju kumpigia?

Tulienda Jumamosi. Uani ndugu walikuwa wamejaa, wengine mikekani, wengine kwenye viti vya plastiki. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, mzee."

Akatikisa kichwa tu. Tukapiga wimbo wa kwanza. Haujaisha, dada mkubwa wa mzee akasimama mbele yetu, ushungi ameushikilia.

"Wanangu, muziki gani huu wa Kizungu? Mgonjwa anataka utulivu. Si mngepiga taarabu?"

"Mama, asili yake si Wazungu," nikamjibu. "Ulianza kwa watu weusi wa Marekani, vizazi vya watumwa. Walichukua nyimbo zao za huzuni na za kanisani, wakatia mwendo, wakatia na gitaa la umeme. Wazungu waliukuta njiani."

"Hata kama. Kelele ni kelele."

Hapo mzee akafungua kinywa. Maneno yalitoka kwa shida, yakiburuzika.

"Mnapiga... kama mmechoka."

Binti yake akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Tumechoka kweli, mzee," mpiga drams akasema.

Mzee akaanza kugonga kiti kwa mkono uliobaki na nguvu: taratibu, kwa kishindo, taratibu, kwa kishindo. "Pigo la pili na la nne ndiyo uyapige kwa nguvu," akamwambia mpiga drams. Kisha akanigeukia mie. "Na wewe binti, gitaa lako safi mno. Liache likwaruze."

Nikazungusha kitufe cha amplifaya mpaka sauti ikachanika. Tukarudia. Hatukupiga vizuri, ila tulipiga kwa nguvu, jasho likitutiririka, na mzee akawa anatukosoa kila wimbo ukiisha, mpaka ilipoadhiniwa Alasiri tukazima vyombo.

Baada ya hapo kundi lilijifia lenyewe. Mpiga drams alihamia muziki wa singeli, huko anaitwa kila wikiendi, simlaumu. Mdogo wangu alipata mtoto.

Masika yalipoanza, yule dada alinipigia tena. Nilikwenda peke yangu na gitaa kavu, lisilo la umeme. Mzee alikuwa ameshaanza kutembea kwa mkongojo, lakini alikuwa amekonda.

"Kwa hilo, roki hutaiweza," akasema. "Nipigie zile za huzuni zilizoizaa."

Nikapiga moja, polepole, vidole vizito. Sikufika mwisho akawa amesinzia. Binti yake akamfunika kanga, nami nikakaa kibarazani nikisubiri mvua ipungue.