Tochi Kumi na Nne za Derek

Kosa lilikuwa langu, nalikiri mapema ili msinisumbue baadaye. Siku ile nilikuwa nakaanga sambusa jikoni kwetu, hapa Weston, Toronto, mafuta yananirukia mikononi, na Mama kakaa kwenye stuli yake ananiuliza, "Hivi huyu Derek wa kaka yako kapata kazi gani?" Nikamjibu bila kugeuka, "Kachukuliwa na timu ya hoki ya barafuni, Mama. Ni mlinzi." Ningesema beki, yote haya yasingetokea.

Sasa mjue, mama yangu, Marina, si mgeni wa hoki. Sisi Wagoa wa Tanga tuliipenda hoki kama wenzetu walivyopenda kandanda. Baba alicheza kila Jumapili baada ya misa, akarudi na magoti yaliyochubuka, na hakulipwa hata soda. Pale uwanjani aliyekuwa na mshahara ni mmoja tu, askari wa getini mwenye koti zito na rungu. Kwa hiyo Mama aliposikia hoki, kazi na mlinzi kwa pamoja, hakuhitaji maelezo zaidi. Krismasi ile akamnunulia mjukuu wake tochi.

Derek akaipokea, akambusu bibi yake, akashukuru kwa Kiingereza. Ni mtoto wa huku huyo, Kiswahili anakisikia chote ila kujibu hajibu. Krismasi iliyofuata akapata tochi nyingine, na iliyofuata tena nyingine. Alidhani ni mila ya Tanga. Wala hakuzitupa. Timu zake zilisafiri kwa basi kwa muda wa saa kumi, hata kumi na mbili, na wenzake wakikoroma yeye aliwasha tochi ya bibi akasoma daftari lake, alimoandika kila mshambuliaji anapenda kupita upande gani. Beki asiye na kipaji kikubwa inabidi asome.

Na kipaji hakikuwa kikubwa, tusidanganyane. Alicheza Thunder Bay mwaka mmoja, Moncton miezi minne, Saskatoon wiki sita, halafu Slovakia msimu mzima akila kabichi. Ndiyo maisha ya beki wa daraja lake. Mwenzake akivunjika, anaitwa, na mwenzake akipona, anafungasha. Miaka kumi na nne, timu kumi na moja, magoli tisa, na meno manne yaliyobaki kwenye barafu za watu.

Kila akihama, Mama ananiuliza, "Kafukuzwa tena?"

"Kahamishwa, Mama."

"Mlinzi hafukuzwi hovyo. Huyo analala kazini."

Basi akaanza novena, sala za siku tisa kila mara, ili mjukuu wake aondolewe usingizi. Kanisani akawaomba na wenzake wamsaidie kusali. Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya, nikajaribu kurekebisha. "Mama, Derek anacheza. Yeye ni mchezaji." Akanitazama kama niliyemtukana. "Shaila, kazi ya getini ni kazi halali. Usimwonee mtoto aibu." Ikawa kila nikifungua mdomo, mimi ndiye mwenye majivuno. Mimi nina hasira za karibu, nikaona bora ninyamaze kuliko tugombane, na nikanyamaza kwa miaka.

Mwaka huu Derek katimiza thelathini na mitano na goti lake la kushoto limegoma kabisa. Akanipigia simu. Anastaafu, akasema, na mechi ya mwisho imeangukia hapa hapa Toronto, Jumapili saa nane mchana. Bibi hajawahi kumwona akicheza hata mara moja, tafadhali nimlete. Nikaona nitubu kwanza. Nikamweleza yote, neno mlinzi, askari wa Tanga, tochi, novena.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Shangazi," akaniuliza kwa Kiingereza chake, "ina maana Bibi anaamini kote kule nilifukuzwa kwa sababu ya kulala?"

Kuitwa askari hakukumuuma. Kulala ndiko kulikomuuma. Nami niliumia, maana mdomo uliomponza ni wangu, nikamwahidi kwamba siku ya mechi nitamweleza bibi yake mpaka aelewe.

Mama alikuja na makoti mawili na chupa ya chai. Wachezaji walipotoka akahesabu kwa kidole. "Kumbe wako wengi. Na wote wamepewa marungu."

"Mama, sikiliza. Huu ni mchezo. Derek ni beki."

"Nyamaza, naangalia kazi."

Derek akasimama mbele ya goli lake. Mama akaitikia kwa kichwa kuridhika, maana geti aliliona. Akaja kijana wa upande wa pili mbio, na Derek akambamiza kwenye ubao wa pembeni mwa uwanja mpaka vioo vya juu yake vikatikisika. Mama akapiga ishara ya msalaba, kisha akakaa wima. "Mwizi huyo," akasema. Refa akapuliza filimbi, Derek akapelekwa kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili. Kabla sijaeleza, Mama kanishika mkono kwa furaha. "Wamempa na kibanda. Kina joto humo?" Dakika hizo hizo wakatufunga. Baadaye akaadhibiwa tena, wakatufunga tena. Mechi ikaisha mbili bila.

Tulimsubiri kwenye korido. Akatoka nywele zimelowa, anachechemea, begi begani, macho kwangu akiuliza kama nimeshasema. Nikavuta pumzi nianze. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Wameingia wawili," akamwambia.

Derek akainamisha kichwa.

"Wote wawili wewe ukiwa kibandani. Ulipokuwa getini hakupita mtu."

Derek akafungua begi, akatoa tochi ya Krismasi iliyopita, akampa bibi yake kwa mikono miwili. "Zamu yangu imekwisha, Bibi," akasema, kwa Kiswahili kinachochechemea kama goti lake. Mimi shangazi yake nilikuwa sijawahi kumsikia akimaliza sentensi moja ya Kiswahili.

Mama akaikagua tochi kama msimamizi. Akabonyeza, haikuwaka. Akaigonga kiganjani, akabonyeza tena, ikawa vile vile. Akamgeukia mjukuu wake.

"Betri zimekwisha," akasema. "Kumbe ulikuwa macho."

Akaitia tochi mkobani, akamshika Derek mkono kwenda kwenye gari, na novena ile hatukuisikia tena.