Mkono wa Kushoto wa Muuza Farasi

Muuza farasi wetu hapa kisiwani Sumba huongea taratibu, meno yamekolea wekundu wa tambuu, na mkono wake wa kushoto haubanduki begani mwa farasi. Nilidhani ni mapenzi. Nilikwenda kumtafutia binti yangu farasi wa kupunga naye upepo jioni, nikafanya ujinga: nikaitafuna tambuu yake kabla sijamkagua farasi. Ukishatafuna tambuu ya mtu, kumwambia aondoe mkono ni kumtukana. "Mpole huyu, shemeji. Mtoto atasinzia juu yake." Nikalipa. Nyumbani nikamwosha farasi, na pale pale muuzaji alipokuwa ameweka mkono nikakuta kidonda kinachonuka, kimepakwa masizi. Nikarudi sokoni nimefura. "Tafuna kwanza, shemeji," akaniambia, mkono wa kushoto umetulia begani mwa farasi mwingine.