Kalibu Sita Mbichi

Baba yangu alisubu chuma miaka ishirini na sita, na hakuna siku aliyomimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu mbichi. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wasio na haya wanaosema vingine.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja: yeye kwenye tanuri, mimi nikipiga tupa vifuniko vya mitaro vikishapoa. Kalibu zetu ni za mchanga, na mchanga ukibaki na maji, chuma cha moto kikiingia tu, hulipuka. Basi kabla ya kumimina, Baba alikuwa akivua glavu na kuweka mgongo wa mkono juu ya kila kalibu, akatulia, utadhani anampima mtoto homa. Wenzake walimtania eti anazibembeleza zilale.

Meneja mpya, mkwe wa tajiri mwenye kiwanda, aliona huko ni kupoteza muda. Usiku mmoja mvua ilivuja kwenye paa ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa mara tatu kuwa limeoza. Asubuhi Baba akasema kalibu sita zikaushwe upya. Meneja akasema mteja hasubiri, akamwamuru mbeba ndoo ya chuma cha moto amimine. Ya pili ikalipuka. Baba alimvuta yule mbeba ndoo pembeni, chuma kikamrukia yeye mkono wa kulia.

Siku ya nne meneja akaja kwetu, akajikalia bila kukaribishwa, akatoa karatasi. Baba atie saini tu, na mimi kazi yangu itakuwa salama. Salama! Mtu amefungwa bendeji mpaka kiwiko, yeye anamletea kalamu.

Baba akaniomba nimsomee. Nikasoma: mimi fundi sikukagua kalibu. Sauti ilinitetemeka kwa hasira, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Baba akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Niliumia sana, maana nilijua anataka kusaini kwa ajili yangu. Akaandika polepole, herufi zikienda upogo, kisha akamsukumia meneja karatasi. Alikuwa amekata neno "sikukagua", na juu yake ameandika "nilikagua, nikakataa."

"Sasa saini wewe," akamwambia.

Meneja akaikunja karatasi, akaondoka.

Kesho yake nilizuiwa getini. Niliporudi nyumbani na kumwambia Baba, aliinamisha kichwa, akaniomba msamaha. Yeye! Kati ya watu wote wa kiwanda kile, hakuna mwingine aliyeniomba msamaha mpaka leo.